Thamani ya Shamba Linalogeuzwa Makaburi

Hivi karibuni hapa Nkololo, tulipokuwa tumekaa msibani baada ya maziko, mazungumzo yalifika kwenye miji inayotwaa mashamba ya watu ili kupanua makaburi ya umma, na bwana mmoja mwenye cheo akakata shauri: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, kwa hiyo mkulima alipwe pamba na miti yake, wala asidai kudhulumiwa, maana hawezi kunyang'anywa kisichokuwa chake. Wazee walinyamaza kwa adabu. Mimi sikuridhika, na hata leo sijaridhika.

Ardhi hutwaliwa kwa jina la maslahi ya umma, yaani manufaa ya walio wengi. Maana hiyo naipokea kama ilivyozoeleka. Kwamba miji inakua na maiti hangoji, ni kweli. Kwamba mkaidi mmoja asizuie maziko ya mji mzima, nalo nakubali.

Lakini hoja ya yule bwana huanza na kweli na kuishia katika dhulma. Mdhamini si mmiliki: aliyekabidhiwa mali ya yatima huitunza kwa faida ya yatima, wala amana hiyo haimpi ruhusa ya kumwambia yatima kuwa hana kitu. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayohifadhiwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba fidia haikomi kwenye vilivyojengwa na kupandwa, kwani jasho lililomwagwa juu ya ardhi lina hesabu yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo ikataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Anayehesabu mashina ya pamba peke yake, basi, amehesabu mavuno ya msimu mmoja, akasahau misimu yote ambayo shamba lile lingewalisha watoto na wajukuu. Tena ajabu ni kwamba ardhi hiyo hiyo, ikiingia mikononi mwa wajanja, hupata thamani ghafla, kama ilivyotokea kwa jirani zetu wa Kenya: makaburi ya Lang'ata yalipojaa, Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilinunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283 za Kenya, ilhali thamani iliyokadiriwa ilikuwa milioni 24.

Wala haja hii ya makaburi ya umma haikuwapo tangu awali: zamani, hapa kwetu Usukuma, mwenye kaya alizikwa zizini, katikati ya ng'ombe wake, na haikuhitajika ekari ya mtu mwingine ili apate kupumzika. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ambapo serikali iliwakusanya watu katika vijiji, iliwahamisha watu, mazizi yakabaki nyuma pamoja na waliolala humo. Na Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inaruhusu marehemu naye kuondolewa ardhi yake ikihitajika kwa umma. Je, mfu ana haki juu ya ardhi, au ameazimwa tu mpaka walio hai watakapoihitaji? Swali hili nimelizungusha sana, wala sijaona mwisho wake.

Ila jambo moja liko wazi: barabara huweza kuhamishwa na soko likavunjwa, ilhali shamba lililokwisha kuzikiwa halirudi kwa mwenyewe kwa hukumu yoyote. Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka: fidia imfikie mkulima mkononi kabla ya jembe la kwanza la mchimba kaburi.