Kimya Si Amani

Chukua mfano wa susu anayeishi ndani kabisa huko Yatta, kaunti ya Machakos. Usiku mbuzi wake watatu wanaibiwa. Kituo cha polisi kiko mbali, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ingenunua unga wa siku mbili. Basi anamweleza mzee wa kijiji, analia kidogo, maisha yanasonga. Kwenye OB hakuna kitu.

Siku wakubwa wakikaa kugawa askari, magari na mafuta, wakiangalia rekodi peke yake, Mlolongo na Athi River zitakuwa na kesi tele. Kwa susu, karatasi itasema kuna amani.

Kusema ukweli, kugawa sawasawa pia kungekuwa ujinga. Mlolongo kuna watu wengi, ploti zimebanana na malori ya barabara ya Mombasa hayalali. Penye watu wengi shida huwa nyingi, hilo sikatai. Kinachonikera ni kwamba hatupimwi sote kwa kipimo kimoja.

Mbunge hapa Kenya hupewa polisi wa kumlinda. Hakuna anayemuuliza ameibiwa mara ngapi. Anapewa kwa sababu huenda kitu kikampata. Susu naye lazima kwanza kimpate, kisha atafute nauli akakiandikishe, ndipo ahesabiwe.

Utaniambia mheshimiwa ana maadui. Sawa. Lakini kwa susu mbuzi watatu ni karo ya mjukuu, ni dawa ya presha, ni benki yake yote. Tukipima hatari, si tuulize pia mtu anabaki na nini baada ya hasara?

Sheria imetuachia mlango. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana, raia wa kawaida wamo, na kazi yao mojawapo ni kupendekeza vipaumbele vya polisi katika kaunti. Amri inabaki kwa Inspekta Jenerali, lakini angalau kuna meza ya kuongelea.

Mimi nikipata kiti hapo, sitaanza kwa kuuliza ni wapi wanaripoti sana. Nitauliza ni wapi hawaripoti kabisa, na kwa nini.