Mnara kwa Fedha za Wengine

Tulipowafundisha watoto mfano wa mtu ajengaye mnara, katika Luka 14, tulizoea kusema kosa lake ni kutopiga hesabu. Habari za China zatufanya tusite. Mjini Tianjin mnara wa ofisi na hoteli ya kifahari, wenye mita 597, ulianza kujengwa mwaka 2008. Mwaka 2015 kiunzi kilifika kileleni, kisha kazi ikasimama miaka mingi.

Lakini yule wa mfano alichekwa yeye mwenyewe, kwa kuwa hasara ilikuwa yake. Huko China makampuni yaliuza nyumba kabla hazijajengwa, na mara nyingi fedha za mnunuzi zikaenda kwenye kiwanja kingine. Je, huko ni kutopiga hesabu? La, hesabu ilipigwa vizuri mno, ila kwa mfuko wa jirani. Sisi twaona jambo hili li karibu zaidi na amri ya nane.

Kampuni ya Evergrande ilishindwa kulipa madeni mwaka 2021. Mwaka uliofuata wanunuzi katika miji mingi walikataa kuendelea kuzilipa benki. Wengine walihamia katika majengo yasiyomalizika, bila umeme, wakipanda ngazi na ndoo za maji, na deni la benki likiwangoja kila mwezi.