Upelelezi na njia ya misafara

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilichipukia Unguja. Kitabu Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, 1960, kilimleta Bwana Msa, mpelelezi wa kiko na fikra. Bara, Elvis Musiba alimpa mpelelezi wake, Willy Gamba, bastola katika Kufa na Kupona, 1974. Kasi ilipanda, fumbo likapungua. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akamuumba Joram Kiango, mcheshi kuwazidi wote.

Upelelezi huo ungeweza pia kufuata njia ya zamani ya misafara, ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji: ilikuwa na pembe za ndovu, bunduki, madeni, na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilivyoanza 1871. Abdulrazak Gurnah alipeleka msafara bara katika Peponi, riwaya iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ila humo hakuna mpelelezi. Kwa fikra zake, Bwana Msa angeimudu Tabora vizuri kuliko Gamba.