Je, ni Maji Yaponyayo?

Karibu na Amboni, Tanga, zipo chemchemi za maji ya moto yanukayo kiberiti, zenye jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Mama mdogo alitoka Mazingara kwenda kuyaoga kwa ajili ya baridi yabisi, akarudi amepata nafuu. Akaazimia kuacha vidonge, na kurudi kuwatolea sadaka “wenyewe” wa chemchemi.

Nikamwuliza: “Mama, aliyeyapasha moto maji hayo chini ya ardhi ni nani?”

Akanijibu: “Nawe ulipopona malaria uliisifu sindano mwezi mzima, Mungu hukumtaja.”

Sikuwa na jawabu. Shirki niliiona majini, sindanoni sikuiona. Vidonge amekubali kuendelea kuvimeza. Sadaka amewapa mayatima. Nami ningali na deni la ile sindano.