Mwosha na Ukurasa Uliokatwa

Riwaya ya Los crímenes de Alicia inaanza na kitu kidogo sana. Msichana amepata karatasi, na anaogopa kuwaonyesha watu alichokipata.

Imeandikwa na Guillermo Martínez, Mwargentina aliyesoma hisabati mpaka shahada ya uzamifu, na ukiisoma utamjua tu. Kila kitu kimepangwa kama hesabu. Mwaka 2019 ilishinda Tuzo ya Nadal kule Uhispania, na kwa Kiingereza inaitwa The Oxford Brotherhood. Stori yenyewe iko Oxford, mwaka 1994. Kuna chama cha wasomi wanaompenda Lewis Carroll, yule aliyetuletea Alice na sungura wake mwenye saa, na wanajiandaa kuchapisha shajara zake zote. Kristen Hill, mtafiti kijana, anatumwa Guildford kukagua shajara hizo. Huko anaangukia karatasi inayohusu ukurasa mmoja ambao mtu aliukata zamani. Kabla hajawaambia wanachama kilichoandikwa, gari linamgonga. Baadaye wengine wanashambuliwa, na yanayowapata yanafanana na matukio ya kitabu cha Alice. Katikati ya hayo yote zinatokea picha za wasichana wadogo, zilizopigwa na Carroll mwenyewe.

Nani alifanya? Siwaambii, tafuteni kitabu. Kilichonikaa kichwani ni swali ambalo mpelelezi hawezi kulimaliza kwa kumkamata mtu. Tukimpenda mtu, au tukikipenda alichotuachia, tuna haki ya kukata ukurasa wake?

Ukurasa huo Martínez hakuubuni. Lewis Carroll, jina lake halisi Charles Dodgson, alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church, Oxford. Tarehe 4 Julai 1862 alipiga makasia mtoni na rafiki yake pamoja na wasichana watatu wa mkuu wa chuo, Henry Liddell. Lorina alikuwa na miaka 13, Alice 10, Edith 8. Wakiwa mashuani akawatungia hadithi, Alice akamwomba aiandike, na mwaka 1865 ikatoka kitabu. Katikati hapo kuna mwanya. Mwishoni mwa Juni 1863 urafiki wake na familia hiyo ulikatika ghafla, na ukurasa wa shajara ambao ungetuambia sababu haupo. Mtu aliukata. Juu ya hayo, kati ya vitabu 13 vya shajara yake, vinne havijulikani viliko. Tisa vilivyobaki viko Maktaba ya Uingereza, London.

Mwaka 1996, mwandishi Karoline Leach alipata kwenye kumbukumbu za familia ya Dodgson kijikaratasi chenye muhtasari wa kurasa zilizokatwa. Kinadai kwamba mama Liddell alimwambia Carroll kuna maneno yanazunguka: ati anawatumia watoto ili ampate mwalimu wao wa nyumbani, na wengine wanasema anamtaka Ina. Ina ni nani? Lorina, yule dada mkubwa, waliitwa jina moja yeye na mama yake. Kwa hiyo hata jibu lilipopatikana lilikuja na fumbo lake. Inaaminika kwamba kijikaratasi hicho kiliandikwa na mmoja wa wapwa zake Carroll, wanawake waliobaki wakilinda makaratasi ya familia baada ya yeye kufariki mwaka 1898.

Sasa, wengi wetu tulimjua Alice kwa katuni ya Disney ya 1951, au ile filamu ya Johnny Depp ya 2010. Hatukumjua kwa shajara. Ndiyo maana riwaya hii inauma kwa namna yake. Hadithi ya ajabu ya utotoni hukuomba uamini tu: sungura anavaa koti, paka anatabasamu, wewe twende. Hadithi ya upelelezi hukuomba usimwamini mtu yeyote, hata mzee mpole anayekukaribisha chai. Martínez amezichukua hizo mbili akazifungia chumba kimoja. Ukimaliza unajikuta unamkagua mtu aliyekulea kwa hadithi kama vile polisi wanavyokagua mifuko.

Nataka kwanza nimtetee aliyekata ukurasa, kwa sababu kumcheka ni rahisi mno.

Kiswahili kina neno zuri, sitara. Tunaombeana, Mungu akusitiri. Kumsitiri mtu ni kumfunika pale ambapo akiachwa wazi ataumia bila sababu. Wahenga wakasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha anauona mwili wote, makovu yote, udhaifu wote, halafu anatoka nje na hasemi kitu. Hakuna anayemwita mwongo. Tunamheshimu, kwa sababu aliyelala pale hawezi tena kuvuta shuka ajifunike mwenyewe.

Wale wapwa walikuwa waosha. Mjomba wao amekufa, ni maarufu, dunia inataka kuingia chumbani kwake. Shajara mtu hujiandikia mwenyewe. Na kuna haki fulani hapo: hukumu yetu inatoka mbali. Enzi hizo kumpiga mtoto picha akiwa uchi kulionwa na wengi kama sanaa, hata kwenye kadi za salamu zilikuwepo. Carroll alipiga picha za aina hiyo, na alikuwa akiomba ruhusa ya wazazi. Hakuna aliyewahi kuleta ushahidi kwamba alimgusa mtoto kwa ubaya. Mtu asiyeweza kujibu, kesi isiyo na shahidi, enzi isiyo yetu. Kwa nini tusimwachie marehemu shuka lake?

Nimelibeba hilo swali siku nyingi, na kila nikijaribu kukubali narudishwa mtaani kwetu.

Nilipokuwa darasa la sita kulikuwa na mwalimu wa tuisheni kwenye ploti ya pili kutoka kwetu. Mtu poa, kila mzazi alimsifu. Watoto waliokuwa wakifeli hesabu walianza kupita, na wasiokuwa na pesa aliwafundisha bure. Jumamosi moja wazee wa mtaa walikaa kikao. Jumatatu nyumba yake ilikuwa tupu, mpaka pazia limetolewa. Tulipouliza tukaambiwa yameisha. Neno hilo tu, yameisha, halafu ukitaka kuuliza tena unatumwa dukani.

Mpaka leo sijui alifanya nini, au kama alifanya chochote. Pengine alidaiwa kodi. Pengine alisingiziwa. Lakini najua kilichofuata, kwa sababu nilikuwepo. Kwa sababu hakuna aliyesema kitu, kila mtu alisema lake. Wasichana waliokuwa kwenye darasa lile walianza kuangaliwa vibaya, kana kwamba wao ndio walikuwa na la kueleza. Mwalimu mwingine aliyekuja kufungua tuisheni alifunga baada ya mwezi, hakuna mama aliyetaka kumpeleka mtoto. Kama yule wa kwanza hakuwa na kosa, kimya kile kilimhukumu maisha. Kama alikuwa nalo, kimya kilimpa nauli ya kwenda mtaa mwingine wenye watoto. Katika hali zote mbili, waliolindwa ni wazee wa kikao, wasije wakaulizwa walijua lini.

Hapo ndipo naona mfano wa mwosha una mpaka. Mwosha akikuta kovu la zamani, au mwili uliokonda kwa ugonjwa ambao marehemu hakutaka utajwe, anyamaze. Ni haki yake marehemu. Lakini akikuta jeraha la kisu mgongoni, je? Akiosha damu, akafunga sanda vizuri na kutoka nje kimya, hatutasema amesitiri. Tutasema amemsaidia muuaji. Na akikuta kucha za marehemu zina damu ya mtu mwingine, hilo pia si la marehemu peke yake. Kuna mtu yuko hai mahali fulani ana alama za kucha hizo mwilini.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza mbele ya ukurasa wowote uliokatwa ni hili: humo ndani kulikuwa na nani mwingine?

Kwenye ukurasa wa Carroll kulikuwa na watoto. Alice alikuwa na miaka 11 wakati ule, Lorina 14, na mwenye shajara 31. Ukiwatafuta wao kwenye hii stori, unaona kwamba upande wao pia ulifutwa. Barua ambazo Carroll alimwandikia Alice akiwa mdogo ziliharibiwa na mama yake. Na mwaka 1930, wote wawili wakiwa wazee kabisa, Lorina alimwandikia Alice kumweleza alivyomjibu mwandishi mmoja aliyekuwa akichimba maisha ya Carroll. Alikuwa amemwambia kwamba Carroll alizidisha mapenzi kwa Alice alipokuwa akikua, mama yao akamsemesha, naye akakasirika akaacha kuja. Kinachonishtua ni kwamba anaeleza ilibidi ampe mwandishi huyo sababu fulani. Je, hiyo ndiyo ilikuwa kweli, au ni kifuniko cha jambo lingine lililomhusu yeye mwenyewe Lorina? Wasomi wanabishana hadi leo. Mimi naona bibi wa miaka zaidi ya 80 bado anapanga na mdogo wake nini kisemwe kuhusu wakati walipokuwa watoto. Miaka 67 imepita na mzigo bado wanaubeba wao.

Sitara ya kweli ingeanza na hao. Ingeuliza Alice anataka nini, Lorina anataka nini. Kama wangesema yaacheni, ni yetu, basi yangeachwa, na mtu wa nje kama mimi angefunga mdomo. Aliyepata jeraha ana haki ya kulifunika. Lakini makaratasi hayakuwa mikononi mwao. Yalikuwa kwa familia ya mtu mzima, mwenye jina, na wembe ukapita upande huo.

Kuna watakaoniambia, bana, unakiua kitabu. Sikubali. Kitabu kina nguvu kuliko chama cha kukilinda. Kilifika kwetu mapema: mwaka 1940 kilitoka kwa Kiswahili, Elisi katika Nchi ya Ajabu, kazi ya Ermyntrude Virginia St Lo Malet Conan-Davies, na mwaka 2015 kikatoka tena kwa mkono wa Ida Hadjivayanis kama Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Fikiria ni watoto wangapi wamemcheka yule Malkia anayetaka kila kichwa kikatwe, bila kujua chochote kuhusu Juni 1863. Kicheko chao ni halali. Hakikuombwa na Carroll, na shajara haiwezi kukirudisha. Mimi mwenyewe nitampa mtoto wa dadangu kitabu hicho akifika umri wa kusoma peke yake. Na akiwa mkubwa akiniuliza ni nani aliyekiandika, nitamwambia yote ninayoyajua pamoja na pale ninapokwama.

Wale wasomi wa kwenye riwaya hawaamini kwamba hilo linawezekana. Wamejenga heshima, pesa na maisha yao juu ya mtu asiye na doa, kwa hiyo karatasi moja ni tishio. Martínez hawachori kama majambazi. Ni watu wa adabu, wanamimina chai, wanaifahamu kila koma ya shajara. Na hilo ndilo limenitisha zaidi ya maiti zote za humo ndani, kwamba penzi la kitabu cha watoto linaweza kumfikisha mtu mahali ambapo anawaza kwanza jina la mwandishi, na watoto wenyewe hawawazi kabisa.

Na tena, wembe haufanyi ile kazi uliyonunuliwa kufanya. Kama ukurasa ule ulikuwa na maneno ya kawaida tu, ugomvi wa jirani na jirani, basi aliyeukata alimnyima Carroll shahidi wake bora. Leo hii hakuna anayeweza kumsafisha kabisa, hata akiwa msafi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema.

Nina rafiki aliyekuwa kwenye darasa lile la tuisheni. Sijawahi kumuuliza, na sitamuuliza, kwa sababu ukurasa huo ni wake. Lakini ameshajua kwamba siku akitaka kuusoma kwa sauti, simtumi dukani.