Haki ya Wenzetu Waliotangulia

Twapenda sana, ndugu zetu, tukutanapo tuliosoma skuli moja, kuwahesabu walimu na wenzetu waliokufa: fulani alikuwa hodari wa hesabu, fulani mcheshi. Kisha twasema "Mungu awarehemu", tukaondoka. Je, haki yao imekwisha hapo?

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Basi hilo la pili limo mikononi mwetu wanafunzi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alifariki mwaka 1947. Lakini mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim, aliendelea kuandika na kufundisha, hata akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1963. Huko ndiko kumkumbuka mwalimu.

Na mwenzetu je? Tuulize: ameacha deni? Ameacha mayatima? Ada ya skuli ya mwanawe yalipwa na nani? Machozi hayamlipii maiti deni. Abu Qatada alipojitwika deni la maiti, ndipo Mtume alipomsalia.

Basi tusihesabu majina yao tu; tuhesabu na haki zao zilizo juu yetu.