Rangi Juu ya Kutu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakutuachia neno kuhusu kibaya kilichopakwa rangi hadi nacho kikajiuza. Leo tunaomba ruhusa yenu tulizungumze jambo hilo, kwa sababu sisi wenyewe tumelitenda, na tukaulizwa swali ambalo lingali linatusumbua.

Tuko watatu, Waafrika Mashariki sote, wenye karakana ndogo pembezoni mwa jiji la Guangzhou. Tulikuja China kusomea uhandisi miaka ya 1990 tukiwa vijana. Sasa tumevuka hamsini. Siku za kazi kila mmoja ana shughuli zake. Jumapili tunakutana kufufua makabati ya chuma ya karakana, yale mazito yenye droo na rafu za kuwekea spana, keekee, patasi na vipuri.

Guangzhou haina uhaba wa makabati hayo. Viwanda vingi vya zamani vimeondolewa katikati ya jiji. Kwa mfano, kiwanda cha mashine za nguo kilichoanzishwa mwaka 1956 katika wilaya ya Haizhu sasa ni eneo la ofisi na bustani liitwalo TIT. Karakana inapofungwa, mashine hupata wanunuzi kwanza, na makabati huishia kwa wauza vyuma chakavu, yakipimwa kwa kilo. Mengi ni ya kijani au kijivu, na mlangoni bado husomeka maneno mekundu ya Kichina: anquan di yi, yaani usalama kwanza. Mmoja wetu ni mtoto wa fundi wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Anasema alipofungua kabati la kwanza alisikia harufu ya ovaroli ya baba yake. Mapenzi yalianzia hapo, biashara ikafuata.

Kazi yenyewe haina siri. Unavua droo na bawaba, unaosha grisi, kisha unaiondoa kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Rangi ya zamani haikwanguliwi kavu, kwani yaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kijulikanacho kuwa salama. Hivyo tunailowesha na tunavaa barakoa. Palipobaki vishimo vya kutu tunapaka asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma. Palipooza tunakata na kuchomelea bati jipya. Halafu hufuata praima yenye zinki, na juu yake rangi mara mbili.

Mwenye haraka huruka hayo yote akapaka rangi juu ya kutu. Kwa majuma kadhaa hakuna jicho litakalotofautisha kabati lake na letu. Lakini chini ya rangi, maji na hewa vinaendelea na kazi yao. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma ilichokila, ndiyo maana rangi huvimba, hupasuka na kubanduka.

Miaka kadhaa iliyopita sisi ndio tuliokuwa na haraka. Ulikuwa mwezi wa Machi, katika siku ambazo wenyeji huziita huinantian: hewa ya joto yenye unyevu hutoka baharini, ikikutana na kuta na sakafu zilizopoa, nyumba nzima hutoka jasho. Mhandisi anajua kuwa chuma hakipakwi rangi mpaka joto lake lizidi kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi. Kipimo kilikuwa ukutani, tukakipa mgongo. Kontena lilikuwa linafungwa Ijumaa kwenda bandari ya Nansha, na makabati 6 yalikuwa yameshalipiwa na mzee mmoja wa Tanga, fundi mstaafu aliyekuwa anafungua gereji kwa kiinua mgongo chake. Moja lilikuwa limeoza chini. Tulijaza matundu kwa puti, tukapitisha msasa, tukapuliza rangi ya kijani. Lilipendeza kuliko yote.

Masika ya mwaka uliofuata tukapata barua yake. Puti lilikuwa limepasuka, sakafu ya kabati ikaachia, na jeki ikamwangukia mguuni kijana aliyekuwa anajifunza kazi. Vidole viwili vilivunjika. Mzee hakutukana. Aliandika hivi: "Wanangu, makabati yalifika kama maharusi. Sidai fedha. Nina swali moja tu: mlijua?"

Ndugu wasomaji, tuliandika majibu matatu tukayachana. La kwanza lilisema kwamba hakutuuliza hali ya sakafu. La pili, kwamba bei ilikuwa nafuu na kitu cha mtumba ni mtumba. La tatu, kwamba picha tulizomtumia zilikuwa za kweli. Yote matatu hayakuwa na uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililotutisha.

Mabishano haya ni ya kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, akaeleza jinsi wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, walivyotofautiana juu ya mtu anayeuza nyumba mbovu. Mbao zake zimeoza, vyumbani mna nyoka, na hakuna ajuaye ila mwenye nyumba. Diogenes aliona inatosha muuzaji kutaja kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, na kwa mengine asidanganye. Mnunuzi ana macho yake. Antipater alikataa: analolijua muuzaji, mnunuzi naye alijue, kwa kuwa wote ni watu wa jamii moja. Cicero alimuunga mkono Antipater. Kunyamaza, alieleza, si kuficha kila mara. Bali unaficha pale unapotaka mwenzako asijue jambo linalomhusu ili wewe upate faida.

Kwa kipimo hicho puti letu lilikuwa neno, japo hatukufungua mdomo. Diogenes mwenyewe asingeweza kututetea. Kuacha tundu wazi bila kulitaja ni kunyamaza. Kulijaza, kulisugua na kulipaka rangi ni kusema "hapa hapana tundu".

Je, basi kila rangi ni uongo? Hatuamini hivyo. Rangi ni ngozi ya chuma. Bila hiyo chuma hakidumu, hasa katika hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja. Tofauti haionekani kwenye rangi bali kwenye kilicho chini yake. Ipo rangi inayokuja baada ya ugonjwa kutibiwa, na ipo inayokuja badala ya tiba. Ya kwanza humlinda atakayelitumia kabati. Ya pili humlinda aliyeliuza, na tena kwa muda mfupi, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatimaye tulimjibu kwa maneno mawili: "Mzee, tulijua." Tukatuma fedha za matibabu ya kijana na tukaahidi kabati jingine. Fedha za kijana alizipokea. Kabati alilikataa, na hajaagiza tena. Sikukuu hutujulia hali.

Tangu hapo kila kabati linalotoka kwetu lina karatasi ndani ya mlango, imeandikwa kwa Kiswahili: tulikuta nini, tumekata wapi, bati lipi ni jipya. Kiraka tunakiacha kionekane upande wa ndani. Wataalamu wa majengo ya kale walikwisha kukubaliana jambo la namna hiyo katika Mkataba wa Venice wa 1964: kipande kinachojaza pengo kioane na kazi nzima, lakini kiweze kutofautishwa na cha asili. Nayo maandishi ya usalama kwanza hatuyafuti tena.

Tusijisifu. Uaminifu huu una gharama. Wapo walioisoma karatasi wakaenda kununua kwa jirani kabati lisilo na karatasi, lenye kung'aa zaidi, na huenda bovu zaidi. Mmoja alituambia, "Jamani, mambo mengine msiniambie." Tumejiuliza kama anayetaka kufichwa ana haki ya kufichwa. Jibu letu kwa sasa ni kwamba hana, kwa sababu atakayesimama chini ya ile rafu huenda si yeye. Kijana wa Tanga hakununua kabati wala hakuona picha zetu. Mnunuzi anaweza kuisamehe hasara yake mwenyewe. Mguu wa mwingine si wake kuusamehe.

Na sisi tulio ughaibuni kupaka rangi tunakujua vyema. Tunapiga picha kando ya Mto Pearl taa za jiji zikiwaka nyuma yetu, tukaituma nyumbani, na mdogo wetu akaamini, akauza shamba ili atufuate. Hatukumwambia uongo. Hakutuuliza kodi ya chumba ni kiasi gani, wala viza imebakiza siku ngapi.

Siku atakapofika na kutuuliza kama tulijua, tutamjibu nini?